Litafuteni Kosa Kabla ya Kumtafuta Mkosaji



Mwezi uliopita, wasomaji wetu wapenzi, tulizungumza katika ukurasa huu juu ya kugawana gharama baina ya ndugu wanaokaa nyumba moja. Tulisema kwamba maji, umeme na chakula ni mambo ambayo yakipimwa kwa uadilifu hujenga mapenzi, na yakipimwa kwa ulimi huyavunja. Baadhi ya vijana wamekuja kutwambia kwamba tulisahau jambo moja lisilokosekana siku hizi katika nyumba nyingi, nalo ni intaneti. Wamesema kweli. Kwa hivyo mwezi huu twataka kusema juu ya intaneti ya nyumba inayotumiwa na watu wengi kwa njia moja: vipi huharibika, vipi hutafutwa kosa lake, na vipi kosa la waya huweza kugeuka likawa kosa la moyo, watu wakikosa subira.

Tutaanza kwa kisa cha nyumba moja tuijuayo. Wenyewe wametupa rukhsa ya kukisimulia bila ya kutaja majina.

Nyumba hiyo iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni nyumba ya zamani ya ghorofa, imejengwa kwa mawe na chokaa, kuta zake nene na dari yake ya boriti. Chini anakaa ndugu mkubwa na mkewe na watoto wao, pamoja na mama yao ambaye sasa ni mtu mzima. Juu anakaa ndugu mdogo na watu wake. Waya wa faiba umeingilia chini, karibu na mlango wa mbele, na hapo ndipo ilipowekwa ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa kwa waya na kwa waifai. Malipo ya mwezi yalikuwa nusu kwa nusu. Mambo yalikwenda vizuri, illa huko juu intaneti ilifika kwa unyonge, kwa kuwa mawimbi ya waifai hudhoofika sana yakipita katika ukuta mnene wa mawe.

Mtoto wa ndugu mdogo, kijana wa miaka 16, akaona atafute dawa. Akanunua ruta ya pili iliyokwisha tumika, akavuta waya kupitia ngazini, akaichomeka juu. Siku hiyo nyumba nzima ilimshukuru.

Hazikupita siku nyingi yakaanza maajabu. Simu ya mama yake yule kijana huonyesha kwamba waifai imeshika barabara, lakini haifungui chochote. Mwanamke huyu hushona nguo, na wateja wake humwagizia kwa simu. Akakosa maagizo ya siku mbili, na siku zenyewe ni za kukaribia Idi. Akishuka na simu ile ile, mara tu akifika ukumbini, ujumbe wote humiminika. Akipanda juu, aghlabu imekufa. Akajaribu mara tatu, mara nne, na khabari ikawa ni hiyo hiyo. Basi akasema lile ambalo kila mtu angelisema: "Wametufungia."

Watu wa chini nao walikuwa na yao. Usiku mmoja kompyuta ya binti yao, aliyekuwa akijisomea kwa ajili ya mtihani, ilikosa intaneti hatta asubuhi. Wakasema: "Watoto wa juu wanaimaliza kwa michezo." Ndugu mdogo akazuia nusu yake ya malipo mwezi ule. Ndugu mkubwa akalipa yote, na katika kulipa akasema neno juu ya mke wa nduguye, na neno hilo likapanda ngazi upesi kuliko intaneti yoyote. Mama naye, ambaye kila Ijumaa baada ya alasiri hupanda juu kwenye upepo ili atazamane kwa simu na binti yake aliyeolewa London, akakatikiwa na mazungumzo Ijumaa mbili mfululizo. Mwisho wake, ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja wakawa wanapishana ngazini kwa salamu ya mdomo tu, na sinia ya mchana wa Ijumaa, iliyokuwa moja tangu uhai wa baba yao, ikawa mbili.

Ni huyo mama aliyetuita. Hakutwambia tutengeneze intaneti. Alitwambia: "Njooni mnambie ni nani katika wanangu anayemdhulumu mwenziwe."

Tulikwenda baada ya sala ya Isha. Hatukumuuliza mtu amefanya nini. Tulichukua karatasi na kalamu, tukapita chumba hadi chumba, na kwa kila simu na kila kompyuta tukaandika mambo matatu: iko wapi, intaneti inapatikana au haipatikani, na ina anwani gani.

Hapa yafaa tueleze hiyo anwani ni kitu gani. Kila chombo kinapoingia katika mtandao wa nyumba huuliza: "Nani atanipa anwani?" Ruta hukijibu kwa kukipa namba yake, na pamoja na namba hiyo hukipa khabari ya mlango wa kutokea, yaani anwani ya kile kisanduku kitakachopeleka maombi yake nje ya nyumba. Anwani za ndani ya nyumba mara nyingi huanza na 192.168. Fungu hili limewekwa na kanuni ya mwaka 1996 liwe la matumizi ya ndani tu, kwa sababu anwani za mpango wa zamani wa intaneti ni kiasi cha bilioni 4.3 kwa ulimwengu mzima, nazo hazitoshi. Ndiyo maana nyumba yako na nyumba ya jirani yako zaweza kuwa na namba zile zile za ndani bila ya kugongana: kwa huko nje, vyombo vyote vya nyumba husema kwa kinywa cha ruta yao.

Basi tulipomaliza kuandika tulikuwa na vyombo 11. Saba vilikuwa na anwani zinazoanza 192.168.1, na mlango wao wa kutokea ni 192.168.1.1, na vyote saba vilipata intaneti. Vinne vilikuwa na anwani zinazoanza 192.168.0, na mlango wao ni 192.168.0.1, na vyote vinne havikupata kitu. Katika hivyo vinne, vitatu vilikuwa juu. Cha nne kilikuwa chini, nacho ni ile kompyuta ya binti wa ndugu mkubwa.

Hapo karatasi ilisema yale ambayo ndimi zote za nyumba ile hazikuweza kuyasema. Mlikuwa na ruta mbili, na kila moja ikidhani kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Chombo kikiuliza anwani, zote mbili hujibu, na aghlabu chombo hushika jibu la yule aliyetangulia. Aliyejibiwa na ruta ya chini huonyeshwa mlango wa kweli, unaotokea barabarani. Aliyejibiwa na ruta ya juu huonyeshwa mlango uliochorwa ukutani, kwani ruta ile haikuwa na njia ya nje isipokuwa kwa kupitia ile ya chini. Walio juu walikuwa karibu na mlango wa kuchora, kwa hivyo walipata taabu zaidi. Na kwa kuwa waya ulikuwa mmoja, mara moja moja taabu ilishuka pia. Simu ya yule mshonaji ikishuka chini iliuliza upya, ikajibiwa na ruta ya kweli. Hapakuwa na aliyefunga wala aliyefungua.

Yule kijana, aliposikia, alibadilika uso. Baba yake akataka kumkemea, nasi tukamwomba asifanye hivyo. Kijana alikuwa amefanya mambo mawili ya haki: alijua kwamba katika nyumba ya mawe waya hushinda waifai, na alivuta waya wenyewe bila ya kuuharibu. Waya wa namna ile hufanya kazi mpaka masafa ya mita 100, na ngazi ya nyumba haifiki hata robo yake. Lililompita ni jambo moja tu, kwamba katika nyumba hugawa mmoja.

Dawa ilichukua chini ya nusu saa. Tuliingia katika mipangilio ya ruta ya juu kwa kuandika anwani yake katika kivinjari cha kompyuta. Tukaipa anwani mpya, 192.168.1.2, ili iwe katika jamaa moja na ile ya chini. Kisha tukaizima kazi ya kugawa anwani, ambayo katika visanduku vingi huandikwa kwa herufi DHCP. Tukahakikisha kwamba waya wa ngazini umechomekwa katika moja ya matundu ya ndani, yenye alama ya LAN, wala si tundu la nje. Tokea hapo ruta ya juu ikawa kama taa ya ukumbi wa juu: inaangaza, lakini haidai kuwa ndiyo mtambo wa umeme. Tulipozima na kuwasha vyombo vyote 11, vyote vikarudi na mlango mmoja.

Tukamjibu mama: "Katika wanao hakuna anayemdhulumu mwenziwe kwa intaneti." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa intaneti, hapana." Nasi tulimfahamu. Ruta ikizimwa na kuwashwa husahau makosa yake ya jana. Neno lililokwisha toka kinywani halizimwi wala haliwashwi. Nusu ya malipo iliyozuiwa ilitolewa usiku ule ule. Lile neno la ngazini lilihitaji siku nyingi zaidi, na mtu mkubwa kumwendea mdogo kumwomba radhi.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tukiletewa khabari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki na majuto. Na katika aya ya 12 ya sura hiyo hiyo ametukataza dhana nyingi, na kuchunguzana, na kusengenyana. Huenda mtu akadhani kwamba mafundisho haya ni ya mambo makubwa ya vita na mahakama. Sisi twaona kwamba yaanzia ukumbini. Yule mama mshonaji alikuwa na ushahidi: chini ipo, juu haipo. Ushahidi wake ulikuwa wa kweli, na hukumu aliyoijenga juu yake ilikuwa ya uwongo. Hapa ndipo penye khatari, kwani anayesingizia bila ya dalili hujijua nafsi yake, bali mwenye dalili nusu hujiona yumo katika haki.

Kwa hivyo twapenda kila nyumba iwe na utaratibu wa kutafuta kosa, na vijana wetu ndio wanaofaa kuushika. Wala hautaki elimu kubwa.

Kwanza, jueni kosa ni la nani na la wapi. Je, ni chombo kimoja au vyote? Ni chumba kimoja au nyumba nzima? Ikiwa ni simu moja tu, msiiguse ruta. Aghlabu tatizo li katika simu hiyo. Ikiwa ni chumba kimoja, sogezeni chombo karibu na ruta mtazame. Waifai ya namba 2.4 hupenya kuta zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa majirani. Ile ya namba 5 ni ya mbio, lakini hufa upesi nyuma ya ukuta. Hiyo ya 2.4 pia husumbuliwa na oveni ya maikrowevu, kwani hufanya kazi katika mawimbi hayo hayo. Mkiwa na majirani wengi, ichagulieni ruta njia ya 1, au 6, au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Pili, tazameni taa za visanduku. Katika kisanduku cha faiba, taa nyekundu penye herufi LOS yaonyesha kwamba nuru haifiki kutoka nje. Hapo hakuna la kufanya nyumbani isipokuwa kutazama kama waya umechomoka au umepindwa sana, kisha kumpigia simu anayewauzia huduma.

Tatu, tazameni anwani, kama tulivyofanya sisi. Anwani ikianza na 169.254, basi chombo kiliuliza na hakikujibiwa na mtu, kikajipa namba yake chenyewe. Anwani za namna mbili katika nyumba moja huweza kuwa ni dalili ya wagawaji wawili.

Nne, bisheni hodi kwa utaratibu, kutoka karibu kwenda mbali. Katika kompyuta ipo amri iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, naye aliipa jina la mlio ule ambao vyombo vya baharini huupeleka majini na kusikiliza mwangwi wake. Mwite kwanza mlango wa nyumba, kama 192.168.1.1. Akijibu, waite walio nje kwa namba, kama 8.8.8.8. Wakijibu, waite kwa jina la tovuti. Asipojibu wa kwanza, kosa aghlabu li ndani ya nyumba. Akijibu wa kwanza asijibu wa pili, tazameni njia ya kutokea nje. Wakijibu hao wawili na jina likakataa, basi intaneti ipo. Kinachokosekana ni lile daftari linalogeuza majina kuwa namba, ambalo mpango wake ulitungwa na Paul Mockapetris mwaka huo huo wa 1983.

Tano, badilisheni jambo moja tu kwa mara moja, na mliandike. Anayebadilisha matano pamoja, hata akifaulu hatajua ni lipi lililomponya. Na kile kitundu kidogo cha kuingiza sindano nyuma ya ruta msikibonyeze ovyo, kwani hufuta mipangilio yote ikawa kama siku ya kununuliwa.

Mkimaliza yote haya, kumbukeni kwamba huenda kosa haliko Mombasa wala Tanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi nyingine za upande wetu. Siku ile wangapi waliwalaumu watoto wao kwa kosa lililokuwa sakafuni mwa bahari?

Liko jambo la mwisho. Intaneti inayolipiwa na wengi ni amana ya wengi. Mtu mmoja akipeleka picha zake zote za harusi juu ya njia ile ile saa ambayo mwenziwe yumo katika darasa la Kurani kwa simu, njia ya kwenda hujaa, na sauti ya mwalimu hukatika, ijapokuwa kipimo cha mbio kinaonyesha kwamba yote ni mema. Mambo mazito na yapelekwe usiku watu walalapo. Neno la siri la waifai lisigawiwe jirani ila kwa rukhsa ya wote wanaolipa, na kwa kutazama mkataba wa muuzaji. Kadhaalika anayeichota waifai ya jirani kwa siri na ajue kwamba amechukua haki ya mtu. Naye aliyekabidhiwa funguo za ruta aweza kuona vyombo vyote vilivyoingia. Hiyo ni kazi ya kutunza nyumba, isigeuke kuwa dirisha la kuchungulia siri za watu wazima wenziwe.

Yule kijana wa miaka 16 sasa ndiye mtunzaji wa intaneti ya nyumba ile. Karatasi yenye anwani 11 ameibandika ukutani kando ya ruta ya chini, na juu yake ameandika kwa mkono wake: "Soma hapa kwanza." Ijumaa iliyofuata Idi tulialikwa huko mchana. Tuliketi juu, kwenye upepo, na sinia ilikuwa moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya, azihifadhi nyumba zetu na mfarakano, na awape vijana wetu elimu yenye manufaa. Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumza juu ya mtoto na simu yake ya kwanza.

Wassalaam.